Mpwa Wangu wa Lokitaung na Kidonge cha Nguvu

Msomaji wangu, je, umewahi kumwona mtu asiye na homa, asiyekohoa wala kulia, lakini kwake kuinuka kitandani ni kazi nzito kuliko kubeba gunia la mahindi? Ukimuuliza anaumwa wapi, hana pa kuonyesha. Atakuambia tu, "Sina nguvu." Ukimtazama kwa jicho la haraka utasema ni mvivu. Mimi nilisema hivyo. Nilimwambia mpwa wangu, mwana wa dadangu, kwamba vijana wa siku hizi wamelelewa kwa mkate laini na ndiyo maana jua la Turkana limewashinda. Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyokuja kulimeza neno hilo. Nasimulia kwa ruhusa yake na ya mamake, na majina yao nayaweka kando.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 27. Ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika shule moja ya upili huko Lokitaung, kaskazini mwa kaunti ya Turkana. Bila shaka jina hilo mmelikuta katika vitabu vya historia. Ndiko serikali ya kikoloni ilikowapeleka Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953. Walikaa huko hadi mwaka 1959, Kenyatta alipohamishiwa Lodwar. Wakoloni walipachagua kwa sababu moja tu: ni mbali. Kutoka Lodwar ni safari ya nusu siku au zaidi, na mvua ikinyesha milimani mito ya msimu, ambayo wenyeji huiita laga, hukata njia. Umbali huo uliowafaa wakoloni kufungia watu, leo ndio unaomtenga mgonjwa na daktari wa magonjwa ya akili.

Sisemi haya kuitukana Lokitaung. Mpwa wangu mwenyewe anaipenda. Anasema wanafunzi wake hutembea mwendo mrefu na hufika kabla ya kengele, na akina mama wa soko wanamwita mwalimu wao. Kwa hiyo taabu yake haikuwa chuki ya mahali. Na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa na kazi, ana mshahara, ana heshima, na bado asubuhi aliamka kama mtu aliyelima usiku kucha.

CHAI, KISHA MIRAA

Mwanzo alijitibu mwenyewe, kama tufanyavyo sote. Alianza na chai ya rangi, kikombe juu ya kikombe. Chai iliposhindwa akaingia kwenye vinywaji vya makopo vinavyouzwa kwa jina la nguvu. Vilipomchosha mfuko akaanza kutafuna miraa jioni na walimu wenzake. Alisema kwa saa mbili tatu alijiona amepona: alisahihisha madaftari, alicheka, alipanga kazi ya juma zima. Kisha usiku wa manane alikuwa macho, moyo unamdunda, na kesho yake uchovu ulirudi na nduguze.

Ndipo rafiki yake wa chuo aliyeko Nairobi akamwambia habari za kidonge. Kwamba kuna dawa ambayo huko Marekani na Uingereza hupewa watoto wasiotulia darasani, na kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu huimeza ili wakeshe wakisoma. Kwamba kuna hata madaktari wanaowapa watu waliokauka nguvu kwa mfadhaiko. Mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba, nisaidie nikipate. Nitakulipa kwa M-Pesa. Lakini tafadhali usimwambie mama."

Nilitaka kumkemea tena. Lakini kuna kitu katika sauti yake kilichonizuia. Hakusema kama kijana anayetafuta starehe. Alisema kama mtu anayezama na ameona ubao ukipita.

Nikafanya ninachofanya kwa ajili yenu kila juma: nikasoma, nikauliza. Na kumbe rafiki yake hakudanganya kabisa, ila alisema nusu. Dawa za kuchangamsha zilitumiwa kutibu mfadhaiko hata kabla ya dawa zinazotumiwa leo kwa ugonjwa huo. Katika miaka ya 1930 madaktari wa Marekani waliwapa wagonjwa wao amfetamini iliyouzwa kwa jina la Benzedrine, na katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa pande zote walimezeshwa dawa za namna hiyo ili wasilale. Mwaka 1944 mwanakemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi alitengeneza methilfenideti, ambayo baadaye iliitwa Ritalin kutokana na jina la mkewe, Rita. Lakini kadiri miaka ilivyosonga ikaonekana kwamba wapo walioshindwa kuziacha, na wapo waliorukwa na akili. Mwaka 1971 mataifa yaliweka mkataba wa kuzidhibiti, na hapa Kenya ipo sheria ya mwaka 1994 inayosimamia dawa kama hizo. Si kitu cha kununuliwa mlangoni kwa mtu.

Je, zinasaidia wenye mfadhaiko? Jibu la kweli ni kwamba kuna wanaosaidika. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulihusu wazee wenye mfadhaiko. Waliopewa methilfenideti pamoja na dawa ya kawaida ya mfadhaiko walipata nafuu mapema na zaidi kuliko waliopewa moja peke yake. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, majaribio makubwa ya dawa nyingine ya jamii ya amfetamini, iliyoongezwa juu ya dawa za mfadhaiko, yalishindwa kuonyesha kwamba inashinda kidonge kitupu. Basi daktari anayeitoa si lazima awe amekosea, na daktari anayeikataa si lazima awe mkatili. Yote hutegemea aliyekaa mbele yake.

Nikamwambia mpwa wangu, "Kidonge sitakununulia. Lakini nitakwenda nawe kwa daktari wa magonjwa ya akili, na wewe mwenyewe utamwomba."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, mimi si mwendawazimu."

SAFARI YA ELDORET

Kabla ya kumwona daktari huyo alianzia pale pale Lokitaung, na alianza vizuri. Afisa wa matibabu aliyemwona hakukimbilia kusema ni mawazo tu. Alimpima malaria na wingi wa damu. Alimpapasa tumbo, kwa kuwa Turkana ni nchi yenye kalaazar, homa inayovimbisha wengu na kumaliza damu, na pia yenye uvimbe wa maji unaoletwa na mayai ya tegu wa mbwa, ambao unaweza kukaa katika ini miaka mingi bila mtu kujua. Alimuuliza kama anakohoa au anatoka jasho usiku. Yote yalipokuwa sawa, ndipo akamwandikia barua ya rufaa.

Msomaji, shika hilo. Uchovu una milango mingi. Upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea, kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, njaa ya kawaida, ujauzito, hata dawa unayomeza kwa ugonjwa mwingine, vyote vinaweza kumfanya mtu alale mchana kutwa. Anayekupa dawa ya kuchangamsha kabla ya kubisha milango hiyo anakuchapa kiboko kama punda aliyevunjika mguu.

Mpwa wangu alishuka kwa gari hadi Lodwar, akalala, akapanda basi la Kitale, na mimi nikatoka Nairobi nikamkuta Eldoret. Nilipomwona stendi sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, na alitembea kama anayehesabu hatua.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Mpwa wangu hakutaka kupoteza wakati. "Daktari, nimekuja unipe dawa ya kuchangamsha. Nimesikia inasaidia."

Nilidhani atamfukuza. Yeye akasogeza kiti. "Mwalimu, umefanya vyema kuniuliza mimi badala ya kuuliza mtaani. Sikukatalii wala sikukubalii. Kwanza tutafute nguvu zako zimekwenda wapi."

Akamuuliza habari za usingizi, za chakula, za kazi. Akamuuliza ni kitu gani alichokuwa akikipenda. Mpwa wangu akasema voliboli, na kwamba tangu Januari hajaushika mpira. Kisha daktari akauliza kwa sauti ile ile, bila kuibadilisha hata kidogo, "Umewahi kutamani usiamke tena?"

Mpwa wangu akatazama mikono yake. "Mara mbili," akasema.

Msomaji, mimi niliyemwita mvivu nilikuwa nimeketi hapo karibu naye. Sijui nikuelezeje.

Daktari akauliza anatumia nini kujitia nguvu. Akajibu, "Chai." Daktari akangoja. Akasema, "Mwalimu, mimi si askari wala si mkuu wa shule yako. Nikikupa dawa bila kujua unachotafuna, naweza kuuchosha moyo wako." Ndipo likatoka neno la miraa, siku nne kwa juma, na makopo mawili kila asubuhi.

Akatueleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya miraa mbichi kuna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitambua mwaka 1975, na umbo lake ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Ndiyo sababu wafanyabiashara hukimbiza miraa usiku ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba, kwa kuwa kathinoni hupotea upesi majani yakikauka. "Kwa hiyo," akasema, "hiyo dawa ya kuchangamsha uliyokuja kuniomba, jamaa yake umekuwa ukiimeza miezi mitano. Je, imekuponya?"

Mpwa wangu akatabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu la kwanza nililoliona tangu afike.

SWALI LILILONIHUSU MIMI

Kisha likaja swali ambalo sikulitarajia. "Katika ukoo wenu, yupo mtu aliyewahi kuugua akili? Aliyewahi kukaa siku nyingi bila kulala na asichoke, akisema sana, akitumia fedha ovyo, akajiona anaweza yote?"

"Hakuna," akajibu mpwa wangu, na kwa kadiri alivyojua alisema kweli.

Lakini mimi nilijua. Mwaka 1988, kabla mpwa wangu hajazaliwa, dadangu alikesha siku sita. Aliimba usiku, aliwagawia majirani vyombo vya nyumba, alituambia amechaguliwa kuongoza nchi. Alilazwa kwa majuma matano katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba yetu akakusanya familia akaamuru kwamba yeyote atakayeuliza aambiwe ni malaria iliyopanda kichwani. Tangu siku hiyo ikawa malaria. Dadangu akapona, akaolewa, akazaa, akawa mwimbaji wa kanisa anayeheshimika. Watoto wake hawakuambiwa kamwe.

Nikaomba ruhusa nikatoka nje. Kwenye baraza la hospitali nikampigia dadangu simu. Nilimweleza yote, hata neno la kutamani kutoamka. Kwa muda mrefu sikusikia chochote ila kuku wake wakilia uani. Kisha akasema, "Ndugu yangu, nilinyamaza ili mtoto asinionee aibu. Sikunyamaza ili afe. Mwambie. Au nipe nimwambie mwenyewe."

Nikarudi na simu, nikamkabidhi mpwa wangu. Sikusikiliza waliyozungumza. Nilimwona tu akisema, "Ndiyo mama," mara nyingi.

Alipomaliza, daktari akamuuliza yeye mwenyewe. "Na wewe mwalimu, chuoni, uliwahi kuwa na siku za namna hiyo, hata kama ndogo?" Akafikiri. Akakumbuka mwaka wake wa tatu, siku kumi hivi alizolala saa mbili tu kwa usiku. Alichukua pesa zake zote za mkopo wa HELB akanunua mashine kuukuu ya kutoa nakala, akiamini atafungua maduka katika kila chuo nchini. Sisi sote tulimsifu wakati ule. Tulisema kijana ana bidii. Kisha mashine ikakaa chini ya kitanda, naye akalala muhula mzima.

Hapo daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba huenda huu si mfadhaiko wa kawaida, bali ni upande mmoja wa ugonjwa wenye pande mbili, uitwao bipola, ambapo hisia hushuka shimoni na wakati mwingine hupanda kupita kiasi. Upande wa chini mara nyingi huja na uchovu mzito na usingizi mwingi. Mgonjwa humwendea daktari akiwa chini, na akiwa juu hajioni kuwa ni mgonjwa. Asipoulizwa, hasemi.

"Mtu kama huyu," akasema, "nikimpa dawa ya kuchangamsha peke yake, naweza kumtoa shimoni nikamrusha juu ya paa." Si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 2017 wataalamu wa Sweden walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 2,300 wenye bipola walioanzishwa methilfenideti. Waliokuwa wakiitumia bila dawa ya kusawazisha hisia, hatari yao ya kupandwa na msisimko wa ugonjwa ilizidi mara sita katika miezi mitatu ya mwanzo. Waliokuwa tayari wanatumia dawa ya kusawazisha hisia, hatari hiyo haikuongezeka. Kidonge ni kile kile. Tofauti ni kwamba kwa hawa wa pili daktari alijua habari yote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba yetu tulificha maradhi kwa jina la malaria, na karibu yamuumbue mtoto ambaye hakuwapo yalipofichwa. Fikiri, msomaji: kama ningemtumia kile kidonge kwa basi, angekimeza juu ya miraa, katika joto la Lokitaung, akiwa na damu ya mamake mwilini, na hakuna mtu hata mmoja karibu naye ambaye angejua anachokiona.

WALICHOKUBALIANA

Daktari hakumpa dawa ya kuchangamsha siku hiyo. Alimpima msukumo wa damu na mapigo ya moyo, akaagiza apimwe tezi ya shingo, figo na ini. Akamwanzisha dawa ya kusawazisha hisia. Siitaji jina lake hapa, kwa kuwa nawajua wasomaji wangu. Kesho mtakuwa dukani. Ila nitawaambia jinsi alivyoichagua, kwa sababu ilinifunza jambo. Dawa ya siku nyingi ya ugonjwa huo ni lithiamu. Ni dawa nzuri, lakini kipimo chake mwilini lazima kichunguzwe kwa damu mara kwa mara, na mtu akikaukiwa na maji yaweza kugeuka sumu. "Unaishi Lokitaung," daktari akasema. "Jua ni kali, maji ni ya kuhesabu, na maabara ya kupima lithiamu iko mbali nawe. Tutafute nyingine." Daktari mzuri hatibu ugonjwa peke yake. Hutibu na mahali mtu anapoishi.

Mpwa wangu hakuridhika kabisa. Akauliza, na nilifurahi kwamba aliuliza, "Na kama hii itashindwa kunirudishia nguvu?" Daktari akajibu, "Basi utarudi uniulize swali lako la leo, na wakati huo huenda jibu likawa jingine. Lakini chini yake tutakuwa tumejenga sakafu." Akampa nambari ya muuguzi wa afya ya akili wa Lodwar wa kuzungumza naye kwa simu kila wiki mbili. Miraa akaambiwa aipunguze mpaka iishe, na vinywaji vya makopo aviache. Akaambiwa pia kila alfajiri, kabla jua halijawa kali, atembee hata hatua mia, awe anataka au hataki. Mtu mwenye mfadhaiko akingoja hamu ije ndipo atende, atangoja sana. Hutangulia tendo, hamu ikafuata nyuma polepole.

Kuna watakaoniuliza: na yule asiye na nauli ya Eldoret, asiye na mjomba wa kumngoja stendi? Swali ni la haki. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache katika nchi yetu na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Lakini si kila mfadhaiko unahitaji safari hiyo. Mwaka 2002 katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, watu wa kawaida wa vijijini walifundishwa kuongoza vikundi vya mazungumzo vya wenye mfadhaiko, mara moja kwa juma kwa majuma 16. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 waliokuwa vikundini walikuwa na ugonjwa huo. Baada ya kumaliza walibaki kama 6 au 7 tu. Katika vijiji vilivyokosa vikundi walibaki kama 55 katika 100. Hakukuwa na kidonge hata kimoja. Kwa hiyo anza na afisa wa matibabu wa karibu nawe, au muuguzi, au kikundi. Na usiku ukiwa mzito na huna wa kumwambia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

UKIMWENDEA DAKTARI

Wanafunzi na wazazi, nawaachia haya.

Kwanza, usione haya kutaja dawa uliyoisikia. Iseme, na useme uliisikia wapi. Daktari anayekasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine.

Pili, sema kila unachotumia: chai, kahawa, miraa, sigara, pombe, makopo, mitishamba, tembe za rafiki. Dawa za kuchangamsha hupandisha msukumo wa damu, hukimbiza moyo, hufukuza usingizi na hukata hamu ya chakula. Kwa mtu aliyekonda tayari, hilo la mwisho si dogo.

Tatu, peleka historia ya ukoo. Kabla ya kwenda, kaa na mama, baba, shangazi, uliza: nani aliugua, iliitwaje, na kweli ilikuwa nini? Ukiambiwa ni malaria iliyopanda kichwani, uliza mara ya pili.

Nne, simulia siku zako za juu kama unavyosimulia za chini. Bidii isiyolala si bidii siku zote.

Tano, uliza: dawa hii inatakiwa inifanyie nini, na kwa muda gani? Tutajuaje kwamba imeshindwa? Nitaiachaje? Huko ninakoishi inapatikana? Nikipata shida usiku nimpigie nani?

Sita, na hili ni letu sisi wajomba na wazazi: mtoto akisema hana nguvu, usimjibu kwa habari za mkate laini.

Sasa yapata miezi mitano. Mpwa wangu hajawa simba. Kuna asubuhi bado hunitumia ujumbe wa neno moja, "Leo vigumu," nami humjibu, "Hatua mia." Baadhi ya siku hizo hunijibu amekwenda, baadhi hanijibu. Miraa ameiacha, ameanguka mara moja, ameiacha tena. Juma lililopita alinitumia picha ya wanafunzi wake wakicheza voliboli mchangani, na nyuma ya wavu nilimwona yeye, ameshika firimbi, bado hajaingia uwanjani. Mamake amepanga kupanda basi likizo ijayo, Nairobi hadi Kitale, Kitale hadi Lodwar, na kutoka hapo atafute gari la Lokitaung. Anasema kuna mambo ya mwaka 1988 ambayo anataka kumweleza mwanawe ana kwa ana.

Wenye maoni au maswali, niandikieni kupitia kwa Mhariri. Ya siri yatabaki siri, lakini ya daktari mpelekeeni daktari. Hadi Jumapili ijayo, alamsiki.